Mahojiano ya Rehema

Alhamisi

Basi leo nimeshinda chumba cha kufulia, chini ya jengo letu hapa Sweden, na mwanangu Imani, ili mdogo wangu Rehema abaki na utulivu juu. Alikuwa anahojiwa kwa kompyuta na chuo cha Uingereza, anataka uuguzi. Imani kila nikimsemesha ananijibu Kiswidi.

Rehema akashuka mbio. "Dada, wameniuliza kwa nini uuguzi! Nikawaambia ulivyojifungua peke yako huku, mimi niko Dodoma nakusikia ukilia kwenye simu."

Kumbe hajasahau.

Jioni redio ikasema Waingereza wanapunguza wanafunzi wa kigeni. Nikaizima kabla hajasikia.

Akienda, nitaongea Kiswahili na nani humu ndani?

Nimemwomba Mungu wamchukue. Halafu nikaongeza, jibu lichelewe kidogo.