Kizibo Kilikuwa Kwenye Chupa Yangu

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Nimekukosea. Naanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitauliza habari za mvua, nitauliza habari za kuku, mwisho karatasi itaisha na sijasema kitu.

Sasa shikamoo. Goti linaendeleaje? Shemeji naye, bado anakoroma mpaka majirani wanalalamika? Wapwa wangu waambie mjomba wao mzima, ila mgongo umeanza kudai haki yake. Mama hajambo. Macho yanamsumbua kidogo, lakini masikio hayajazeeka hata kidogo. Ukimsema jikoni anakujibu kutoka sebuleni.

Habari kubwa ya hapa ni mashua ya Baba. Tumeitoa kule nyuma ilikokuwa imelala kifudifudi chini ya mabati tangu tulipomzika. Mimi nilidhani ni kuni tupu. Fundi seremala akaigongagonga kwa vidole, kichwa kakiinamisha kama daktari, akasema mbao tatu za chini zimeoza, zilizobaki zitatuzika sote. Hizo tatu ameshabadilisha, na nyufa kazisindilia pamba yenye mafuta. Tanga liko kwa fundi cherehani. Kila nikimwuliza ananiambia kesho.

Kazi yangu ni kukwangua rangi. Dada, nimekwangua utoto wetu wote. Juu kijani, ile Baba aliyoinunua kwa sababu imeshushwa bei. Chini yake bluu. Chini ya bluu nikaikuta njano yako, uliyoichagua mwenyewe dukani, Mama akasema mashua imekuwa papai bovu. Nilipoifikia hiyo njano nikaweka kikwanguo chini, nikakaa.

Unakumbuka maswali ya Baba? Alikuwa hasukumi mpaka kila mtu ajibu. Kamba? Zimefungwa. Kizibo? Kimekaa. Kile cha tundu la chini, la kutolea maji, kilikuwa kazi yako kila tukitoka. Na mwisho anauliza, "Mwenye nyumba?" Mama anajibu, "Nipo, ila roho nimeiacha nchi kavu." Kila safari maneno yale yale, na kila safari tunacheka kama hatujawahi kuyasikia.

Sasa siku ile. Ulikiweka. Nilikuona ukikikandamiza kwa kiganja, halafu ukakigonga na kisigino. Ukaenda kumsaidia Baba kubeba tanga. Mimi nilikuwa na chupa yangu ya juisi, kifuniko nimekipoteza njiani, juisi inanimwagikia. Nikachomoa kizibo nikakijaribu mdomoni mwa chupa. Kikaenea kana kwamba Baba alikichonga kwa ajili yake. Nikajiambia nitakirudisha. Baba akauliza, ukajibu kimekaa, tukasukuma. Na mimi nikasahau. Hilo niamini, nilisahau kweli, mpaka maji yalipopanda juu ya mbao za kukanyagia.

Hapo ningeweza kukirudisha. Chupa ilikuwa mapajani mwangu. Mama anachota maji na sufuria ya chakula, Baba anapiga makasia, wewe unapapasa chini unalia, unasema nilikiweka, nilikiweka. Mimi nikapitisha mkono nyuma ya mgongo nikaitupa chupa majini pamoja na kizibo chake. Nilimwogopa Baba kuliko kuzama. Wewe ndiye uliyelipata tundu, ukaliziba na kisigino chako mpaka tukafika nchi kavu.

Baba hakukupiga. Afadhali angekupiga. Alisema tu, "Mtu anayejibu kitu ambacho hakukiangalia hashiki usukani wangu." Na usukani ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kuuzoea, umekaa kule nyuma umefumba jicho moja, Baba mwenyewe anawatambia wenzake kwamba mtoto huyu ana upepo kichwani. Hukuushika tena. Mama naye hakupanda tena.

Halafu nikatia chumvi kwenye kidonda. Jina la Kizibo nililianzisha mimi. Nilitaka watu wacheke ili wasiulize. Wakacheka, na hawajaacha. Hata kwenye harusi yako bwana harusi aliitwa Mume wa Kizibo. Binti yangu mdogo anajua ana Shangazi Kizibo. Jina lako lenyewe halijui.

Juzi fundi alileta kizibo kipya. Yule binti akakipokea, akasema, "Hiki asipewe Shangazi Kizibo." Fundi akacheka, Mama akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akasema, "Yule mtoto aliniapia. Nikamwambia aache uongo." Akaendelea kumenya viazi.

Nilikuwa na nafasi pale pale, Dada. Nikasema nakwenda kuliulizia tanga. Hata fundi cherehani alishangaa kuniona.

Baba aliondoka akiamini, na hilo sina la kulifanya. Mama yupo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na miguu iliyochoka ni yako. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungeniambia yameisha, na mimi ningekubali haraka haraka.

Mashua nimeirudishia njano. Mama kapita, kaitazama, kasema papai lake limerudi.

Nisalimie shemeji, wapwa, na yule wifi yako mcheshi. Huku wanakusalimu mke wangu, Mama Mdogo, na fundi seremala ambaye hakujui ila ameshakusikia. Mungu akutunzie goti hilo, unalihitaji.

Jumamosi tarehe 22 tunaishusha majini. Haitasafiri. Fundi anasema ikae imefungwa kwanza, mbao zinywe maji, zivimbe, zishikane. Ndugu wote watakuwepo, na Mama amekubali kuja, ila atasimama mbali. Nitamsogeza. Nitauliza maswali ya Baba, na likifika la kizibo nitajibu mwenyewe, mbele ya wote, haya niliyokuandikia, nikimtazama yeye usoni. Usukani nimeuchomoa, uko chini ya kitanda changu. Hautarudi mahali pake mpaka uje likizo uutie kwa mkono wako.

Siku hiyo jioni kaa karibu na simu. Atakayepiga ni Mama.

Wako akupendaye, uliyenibebea siku zote hizi,

Mdogo wako