Stika ya Kodi na Mbuzi wa Akika

Baba Dogo, Nairobi

Kwa dada yangu Mukai,

Pokea salamu kutoka kwangu, mdogo wako Matheka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na mama yetu, mwaitu, naye, na kwamba ule mguu wake sasa unakubali kukanyaga chini. Nimesikia huko Kibwezi mvua imewapita tena, na kwamba tangu punda afe unabeba maji kwa mgongo kutoka kisimani. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo imechafuka.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu wewe huwa wa kwanza kusema na mimi huwa wa kwanza kunyamaza, na jambo hili nataka likufikie lote. Uvumilie mwandiko. Unajua shule niliiachia darasa la saba, na mikono yangu siku hizi imevimba.

Habari yenyewe ni ya pikipiki yako. Nasema yako kwa sababu sijasahau ni ng'ombe wako aliyeuzwa ikanunuliwa, na tulikubaliana nifanye nayo kazi huku hadi Krismasi, kisha niilete nyumbani ikubebee maji. Dada, pikipiki imeshikwa. Iko kwenye yadi ya maaskari, imelazwa juu ya nyingine kama kuni.

Huku kuna sheria kwamba kila pikipiki ilipe kodi, kisha ibandikwe stika mahali pa kuonekana. Mimi nililipa. Nililipa kabla ya mtu yeyote wa steji yetu ya bodaboda, wakanicheka, wakaniita mzee wa kanisa. Shida yetu haikuwa kulipa bali kuonyesha. Gari lina kioo. Pikipiki ina nini? Aliyeandika sheria hiyo nadhani pikipiki huiona akiwa dirishani. Nilibandika stika kwenye taa ya mbele, polisi wa barabarani akanisimamisha, akasema nimeziba taa, nikatozwa faini. Wasike, mwenyekiti wetu wa steji, aliibandika yake kwenye madigadi, ikabanduliwa na mwizi yeye akiwa amesimama hapo hapo anakunywa chai, maana stika hizo zina soko lake. Basi yangu nikaihamishia ubavuni mwa tangi, upande wa kushoto, karibu na goti langu. Nikajisifu kwamba mwizi atakayeitaka itabidi anikalie kwanza.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Kazi yangu kubwa ni kubeba mbuzi. Kuna mfanyabiashara wa mbuzi pale Kiamaiko, anaitwa Abdurahim, mtu mwema, ndiye hunipa wateja. Mbuzi hai sisi hatumbebi nyuma, kwa kuwa akianza mateke humwoni. Tunamfunga miguu, tunamlaza juu ya tangi, kichwa kushoto, na mwenye pikipiki anambana katikati ya mikono yake miwili huku anaendesha. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyofanya kila siku. Haikunijia akilini kwamba nimeweka stika mahali panapofika mdomo wa mbuzi.

Siku hiyo nilikuwa nampelekea mama mmoja wa hapa Baba Dogo, Zaitun, mbuzi wa akika ya mjukuu wake. Njiani nikasimamishwa na maaskari wanaokagua stika. Mmoja akauliza iko wapi. Nikamwonyesha gotini kwa majivuno yote. Palikuwa na mate na kipande cha pembe ya stika. Mbuzi alikuwa bado anatafuna.

Nilimwambia yule askari atazame mdomoni mwa mnyama ajionee. Dada, walicheka hadi mmoja akashika gari lao asianguke. Wakaitana. Mmoja akamwuliza mbuzi kama ana leseni. Mwingine akasema nimlete kortini awe shahidi wangu, ila nifanye haraka kabla hajaingia sufuriani. Nikatoa simu niwaonyeshe ujumbe wa malipo, wenye namba ya pikipiki na tarehe. Hakuna aliyetazama. Wakasema sheria inataka ionekane kwenye chombo, mambo ya simu nikamwonyeshe mke wangu. Wakapakia pikipiki kwenye lori, mbuzi wakaniachia.

Nikamfungua miguu, nikamshika kamba, tukatembea hadi Baba Dogo, mimi na helmeti kichwani. Njia nzima watu wananiuliza kama pikipiki imezaa. Nilitaka kumpiga yule mbuzi. Lakini nilipomtazama nikajua hasira yangu inatafuta mahali rahisi pa kuangukia. Mbuzi kazi yake ni kula. Wale wenye macho ya kusoma ndio waliokataa kusoma.

Kwenye steji yetu mtu akishikwa, wote huchanga faini atoke, kesho ni zamu ya mwingine. Walinichangia bila kununa. Asubuhi ya korti Wasike akanishika bega, akaniambia nisijifanye wakili. Nikiulizwa, niseme ni kweli, nilipe, nichukue pikipiki nirudi kazini. Akasema korti si kanisa, pale hakuna anayeulizwa hali ya roho yake. Nikamwambia nimesikia.

Tulikuwa wengi, watu wa bodaboda watupu. Kila anayeitwa alisimama, akasomewa, akasema ni kweli, akaonyeshwa pa kulipia. Ilikuwa ni kama watu wanaitikia dua. Hata hakimu alikuwa hainui kichwa. Nikafikiwa mimi. Nilidhani watasema sikuonyesha stika, na hilo ningelikubali, kwa sababu haikuonekana. Lakini karani alisoma kwamba mimi, Matheka, niliendesha pikipiki barabarani bila kulipa kodi.

Bila kulipa! Mimi niliyelala njaa ili nilipe kabla ya wenzangu!

Dada Mukai, hapa ndipo nilipotaka barua hii ifike. Faini ilikuwa mfukoni mwangu. Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Ningelisema, jioni ile pikipiki ingekuwa nje, na Krismasi ingekuwa kwako. Waliponiuliza kama ni kweli, nikasema si kweli. Hakimu akainua kichwa. Akaniuliza kama nimeelewa swali, nikamjibu nimelielewa kabisa. Kiongozi wa mashtaka akasema basi pikipiki ibaki yadi kama kielelezo mpaka kesi isikizwe, na kesi imewekwa mwakani. Abdurahim akanidhamini, ndiyo maana sikulala ndani.

Pesa za steji nimezirudisha. Wasike hajasema na mimi tangu siku hiyo; anawaambia wengine kwamba kiburi changu ni kikubwa kuliko tumbo langu. Sasa nasukuma mkokoteni sokoni Gikomba, nabeba marobota ya mitumba ya watu, na hiyo ndiyo sababu ya mikono kuvimba.

Naambiwa bado naweza kurudi kortini nibadilishe neno. Nimelifikiria, na kila nikifika kwenye lile shtaka damu inachemka upya. Kosa langu kwako ni hili: hasira ilikuwa yangu, pikipiki ni yako, na sikukuuliza. Mzigo nimeutua mgongoni mwangu nikauweka mgongoni mwako, na mgongo huo ulikuwa na mzigo tayari. Kwa hilo sina la kujitetea. Nitukane, mwambie mwaitu, sema kijiji kizima kisikie. Lakini nikiitwa tena na kuulizwa kama sikulipa, nitajibu vilevile, hata ukiwa umekaa benchi la mbele.

Nisalimie watoto, mmoja mmoja kwa jina lake. Mwambie mwaitu nakula vizuri, maana hilo peke yake ndilo atakalouliza. Barua naituma kwa mkono wa Mwanzia, yule dereva, mpe chai kabla hajaondoka. Mungu awatunze.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja,

Matheka