Nimeipita Dodoma Bila Kutoka Uani

Isevya,
Tabora.
9 Mei 2024

Kaka yangu mpendwa Shaban,

Shikamoo. Kabla ya yote nakujulia hali, wewe na wifi yangu Siwema na wote hapo Bagamoyo. Sukari imetulia? Na lile goti la kushoto, linakubali ngazi za msikitini au bado linakugomea? Huku tu wazima. Mvua zimekatika wiki iliyopita, mahindi yanakauka shambani, na mpwa wako Asmahani anakuamkia kwa heshima zote. Mimi sina ninapoumwa isipokuwa miguu, nayo haiumi, inawasha. Inataka kwenda.

Nakuandikia barua kwa sababu simu ulinikatia. Barua haikatiki. Ukitaka kuichana, ichane, lakini utakuwa umeshaisoma.

Leo ni siku ya mia moja na kumi na tano tangu tumzike mume wangu Mabruki. Zimebaki siku kumi na tatu eda yangu iishe. Nimeikaa sawasawa: sijajifukiza udi, sijavaa cha kupendeza, sijavuka lango. Jirani yangu Benedikta ni shahidi, naye ni Mkristo, hana sababu ya kunitetea. Lakini hakuna shehe aliyeniambia kwamba mjane asizunguke ua wa nyumba yake. Mwezi wa kwanza nililia. Katikati ya mwezi wa pili, machozi yalipopungua, nikaona siwezi kutulia. Nikiketi kwenye cherehani, suruali moja tu nimeshasimama. Nikilala mchana naota njia. Basi nikaanza kuzunguka: kisimani, jikoni, chooni, langoni, tena kisimani.

Asmahani akanifunga simu yake kiunoni, maana ina kitu cha kuhesabu hatua. Kila jioni anaitazama na kunitajia nilipofika, kama vile nimetoka hapa nikashika njia ya zamani ya misafara kuelekea pwani. Wiki ya kwanza nilifika Igalula. Nikapita Tura, nikapita Itigi. Siku niliyoingia Manyoni tulipika pilau. Juzi nimeipita Dodoma, kaka, na sijatoka nje ya lango. Uani pamechimbika njia, na kuku nao wanaifuata.

Hapo ndipo wazo lilipoingia, na halitoki. Nataka kuitembea njia hiyo kweli, kwa miguu yangu, begi mgongoni, kuanzia Tabora mpaka Bagamoyo. Nia yangu ya kwanza ilikuwa nipande treni hadi Kigoma nianzie Ujiji, nchi yote niivuke kutoka ziwani hadi baharini. Hiyo nusu nimeifuta, na sababu utaiona mbele.

Usidhani nimemsahau marehemu. Miaka thelathini na saba nilimfungashia safari zake. Unajua alivyokuwa na asali yake, leo Usoke, kesho Urambo, keshokutwa yuko njiani kuipeleka Dodoma. Nilijua shati lipi linakaa chini, chumvi inafungwa wapi, sabuni isiguse mkate. Kila mara aliniambia, "Mwakani tutakwenda wote." Nampenda na nimemkasirikia, vyote kwa pamoja, wala sijui nianze kukitua kipi. Miaka yote hiyo sijawahi kufungasha begi langu mwenyewe kwenda mbali kuliko Bukene, tena harusini.

Wala usiseme nimekurupuka. Mume wa Benedikta, mzee Silasi, alikagua reli kwa miguu miaka ishirini na sita. Kwa kuwa niko edani sionani naye, maswali yangu anayapeleka mkewe na majibu anayaleta yeye, na kila akivuka ua anaongeza chumvi yake. Silasi alisema hadi Itigi ni siku nane. Nikamrudisha Benedikta akaulize ni siku nane za nani. Jibu likaja: za mshona nguo ni kumi na moja, na ya kumi na mbili ya kulowesha miguu. Siku hizi lami imefika na gesti zipo. Ule msitu wa baada ya Tura, ambao wapagazi wa zamani waliuita Mgunda Mkali kwa kukosa maji, nitamlipa mtu wa bodaboda atangulie na madumu. Mwendo ni kuanzia alfajiri hadi saa nne, kisha alasiri kidogo, na kulala ni penye watu tu. Kwa hesabu hiyo ni miezi miwili, na kiangazi bado kirefu.

Begi nimelishona mwenyewe kwa turubai la marehemu, lile alilofunikia madebe ya asali. Mpaka leo linanukia. Mikanda nimeijaza sponji na kuipiga mshono mara tatu. Nimeshona mabegi mawili. Benedikta alipoliona la pili akadhani ni lake, akaanza kunieleza habari za kiuno chake. Nikamtuliza.

Sasa turudi kwenye simu. Najua umenitengea chumba, Siwema ameshanunua hadi pazia, na tiketi ya treni umenitumia ili eda ikiisha nije niishi kwenu. Mungu awalipe. Wako wajane wengi wasio na wa kuwaita. Lakini nilipokwambia nitakuja kwa miguu ulisema, "Mwanamke mtu mzima hatembei nchi nzima kama mbuzi aliyekata kamba, tena bila maharimu." Halafu ukakata.

La mbuzi lilinikaa moyoni siku mbili. Kaka, naogopa, acha nikwambie ukweli. Naogopa kutoka kwenye ua huu nikaingia chumbani, nikakaa humo na pazia zuri mpaka siku ya kuoshwa.

La maharimu nimelifikiria, na hapo una haki. Nimewahesabu mmoja mmoja, wanaume ambao sheria inaniruhusu kusafiri nao. Baba hayupo. Mume hayupo. Mtoto wa kiume Mungu hakunijaalia. Nimebaki na mtu mmoja.

Unakumbuka nilipokuwa na miaka saba na wewe kumi na mitatu? Bibi alikuwa ametusimulia kwamba zamani Mnyamwezi asiyefika pwani kwa miguu yake alihesabiwa mtoto. Tukachukua mihogo miwili jikoni, tukaifuata reli. Tulifika daraja la pili. Mpaka leo unawaambia watu kwamba tulirudi kwa sababu mimi nililia. Kaka, mimi nilikuwa nakula muhogo. Aliyelia ni wewe. Sijamwambia mtu hata mmoja, hata Mabruki hakujua. Baadaye pwani ulifika kwa treni, kwa hiyo kwa sheria ya bibi wewe bado mtoto.

Wifi ameninong'oneza kwamba daktari amekuamuru utembee kila siku, nawe unatembea hadi barazani na kurudi. Basi ile tiketi uliyonitumia Asmahani ameirudisha stesheni. Nyingine imo ndani ya bahasha hii, na ina jina lako. Ni ya kutoka Dar kuja Tabora, tarehe kumi na mbili Juni, tule Iddi ya kuchinja hapa kisha tuondoke. Ya kurudi sikununua. Begi la pili ni lako. Nimelipimia lile shati la kijani ulilolisahau siku za msiba. Ujiji nimeiacha kwa ajili ya goti lako, na kila siku tutakwenda kwa mwendo wa goti hilo. Na ukilia kwenye daraja la pili, nitanyamaza tena.

Nisalimie sana Siwema, mwambie pazia alitundike tu, tutalikuta. Nisalimie Nurdini na wanawe, na shangazi Zainabu kama bado anakasirika nisipomtaja. Mungu akuongezee afya na auelekeze moyo wako huku. Njoo na viatu ulivyokwisha kuvizoea, usije na vipya.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye tangu siku za mihogo ile,

Mwanahawa