Lango Lililomkataa Mwanakombo

Galu, Diani

Mpenzi Baba Mwende,

Nakusalimu katika jina la Bwana, nikitumaini goti limekupunguzia maumivu na mbuzi wamepata maji. Mwili wangu hauna neno, ila moyo hautulii. Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu hunikatiza kabla sijafika mwisho.

Unamkumbuka Mwanakombo, mwenzangu wa kufua hapa hotelini, yule wa Mwabungo aliyekutumia achari ya ndimu? Alifiwa na mumewe. Kwa dini yao mjane hukaa eda, miezi minne na siku kumi, haendi kazini. Msimamizi wetu alimwambia, mimi nikiwa nimeshika upande wa pili wa shuka tunakunja, "Nenda ukakae eda yako, dada. Nafasi yako ipo." Hakuna aliyeandika kitu, maana huku pwani ruhusa ya msiba haidaiwi karatasi.

Basi langoni kuna mashine hii ya akili mnemba. Inakutazama uso ndipo ifungue, na ndiyo inayotupangia zamu na kutupa alama. Habari za eda haikuambiwa. Ilimhesabu mtoro, hata ikamwondoa kazini.

Siku aliporudi alisimama mbele yake, lango kimya. Askari akamwambia, "Mama, ningekufungulia, lakini siku hizi hata mimi nafunguliwa." Akaitwa meneja, kijana wa bara kama sisi.

"Mathe, mimi sina noma na wewe. Ni sistimu imekutoa."

"Basi niitie huyo sistimu nizungumze naye. Hakuzaliwa na mama?"

Sisi tulicheka, Mungu atusamehe. Yeye hakucheka. Sasa anakaanga viazi vya karai kando ya barabara, na msimamizi anasema hakumbuki kumpa ruhusa.

Alhamisi watu wa Bunge wanakuja Ukunda kusikiliza wananchi juu ya sheria ya mashine hizi. Mwanakombo atasimama. Anataka iandikwe kwamba mtu asifukuzwe na mashine kabla binadamu hajamsikiliza. Lakini bila shahidi ataonekana mtoro anayejitetea, na aliyesikia maneno yale ya msimamizi ni mimi peke yangu.

Najua ulivyosema kwenye simu: "Mama Mwende, ulikwenda huko kufua au kutunga sheria?" Nimekujibu mara nyingi kimoyomoyo nikipiga pasi, na kila jibu linaishia kwenye karo ya Mwende. Nimefunga, nimeomba. Laiti Mwanakombo angenibembeleza, ningepata la kukataa. Alisema tu, "Ukija, alhamdulillahi. Usipokuja, bado u dada yangu."

Nisalimie mama mkwe, mwambie dawa yake ya kifua nimeipata. Msalimu mchungaji wetu, na shemeji fundi baiskeli. Mwende mbusu, umwambie asome.

Zamu zilitoka jana. Mashine imenipanga Alhamisi asubuhi, saa ile ile ya mkutano. Kuomba ruhusa ni kumwomba msimamizi yule yule, naye atajua ninakokwenda. Sitaomba. Nitakwenda Ukunda. Mashine itaandika kwamba sikuja kazini, wala haitauliza nilikuwa wapi. Ndiyo maana nimekuambia wewe.

Mkeo anayekuombea,
Mama Mwende