Pigo Moja Moja

Nyamirambo, Jumanne usiku

Heri wasingeniita kabisa.

Wiki nzima nilifurahi kama mjinga: studio moja ya mtaa wa Sonatubes, hapa Kigali, inataka mpiga dramu kwa wimbo wa roki. Tangu nirudi kutoka ukimbizini Nairobi, ambako nilipigia bendi za watu studioni karibu maisha yangu yote, hakuna aliyeniita.

Solange, fundi wao wa sauti, akaniketisha mbele ya maikrofoni. "Muzee, piga moja moja tu. Ngoma hii, nyamaza. Hii, nyamaza. Rithimu iko kwa kompyuta."

Nikapiga na kunyamaza hadi jioni. Matoazi nayo hivyo hivyo. Nilipojisahau nikaanza kuchanganya mapigo, alicheka: "Muzee, usicheze!"

Nikauliza kesho nije saa ngapi.

"Hapana, papa, pumzika. Sauti za mapigo yako zote tunazo sasa. Kompyuta itazipanga hata kwa nyimbo zingine, kila wiki."

Kwa hiyo nitapiga kila wiki, bila mimi.

Nairobi waliniita kwa sababu mkono wangu wa kushoto huchelewa kidogo tu, na wimbo hupata kupumua. Hilo halimo ndani ya pigo moja. Nilitaka kumwambia, lakini alikuwa ameshaanza kukunja nyaya.