Vidole Viwili Chini ya Sikio

Jumanne, 4 Juni

Maître Lévi, mwalimu wa kupigana, amefika hapa Kingi kutoka Itebero. Siku nyingi za miguu msituni — na viatu havina tope! Mimi nikitoka shambani tu, hapo nyuma, mke wangu Nyirabagenzi ananifungia mlango wa nyumba yangu mwenyewe. Maître ni mtu mfupi, mkimya. Anasema mwili una vituo vya siri. Ukigusa kimoja kwa vidole viwili, mtu anaanguka. Ngumi hazina kazi. Mimi, mkanda wa kahawia wa karate tangu miaka kumi na tisa, tumbo limetangulia mkanda, nilikohoa kwa heshima.

Alhamisi, 6 Juni

Kilabu yetu yote ya karate ilipanga mstari ukumbini, watu kumi na mmoja. Majaketi tulivua. Kwa baridi hii ya Masisi! Nicole wa kwanza. Akaanguka. Kabera, motari wetu wa pikipiki, akaanguka. Hakuna kelele — kama mifuko ya maharagi ikishushwa.

Mimi wa tatu. Vidole viwili chini ya sikio la kushoto. Ubaridi kidogo, basi. Nilikuwa nimesimama vizuri kabisa. Lakini Maître alinitazama, na wote walinitazama, hata binti yangu Tuyishime mwisho wa mstari. Mtu ametembea siku zote hizo! Nikaanguka. Kwa adabu. Hata nilichagua mahali pasipo vumbi.

Nyuma yangu wakaanguka wote. Nililala jicho moja wazi. Maître alipita katikati yetu polepole, ameinama, kama anayetafuta kitu alichopoteza.

Jumamosi, 8 Juni

Maître hayuko. Hakuna aliyemwona akiondoka, hata Mama Kavugho, ambaye duka lake linatazama njia na macho yake hayalali.

Yeye njo ameniambia: Tuyishime atampelekea vitenge soko la Kibua. Peke yake, kwa miguu. Zamani aliwangoja wenzake watano, sita, kwa sababu ya wanyang'anyi wa msituni. Sasa hangoji mtu. Ana vidole. Nilipomwuliza nani amemdanganya hivyo, alinishangaa.

"Papa, njo weye ulinionesha. Kama weye kichwa nguvu ulianguka, ni nani atabakia kusimama?"

Nilipata kikohozi.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya misa niliwauliza wenzangu, kwa aibu. Kabera: alijifanya, maana Nicole alikuwa ameshaanguka. Elisabeth, mshonaji: alijifanya kwa sababu yangu. Mzee mzima yuko chini, yeye ni nani asimame? Tukacheka sana pale chini ya kengele.

Kisha tukamwuliza Nicole, aliyetuanzia. Hakucheka. Anasema Maître hakumgusa. Aliona mkono ukiinuka, halafu sakafu. Katikati hakuna kitu.

Tukaenda nyumbani kila mtu kwa njia yake.

Pale chini ya sikio bado pana baridi. Ni umri huo. Na mto mbaya.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeungama kwa binti yangu — ni vigumu kuliko kwa padiri, padiri hana tabia ya kukunja midomo. Nilisema: nilijifanya. Kituo ni kidogo kama punje ya haragi. Mtu akikusimamia wima, shingo wazi, utakipata. Lakini mtu anayetembea, amekushika nywele, ana jaketi? Utaitafuta haragi moja ndani ya sufuria inayochemka! Itebero kuna joto, shingo ziko nje. Huku kwetu mbuzi nao wangevaa jaketi, kama wangelipata.

Nikafunga zipu. Nikamwambia anipige kweli. Akapiga. Nikasimama kama nguzo ya kanisa.

"Umeona?"

Akanitabasamia kwa huruma, akafungua zipu, akaninyooshea kola.

"Papa, unajifanya kusimama. Hautaki niende."

Jikoni Nyirabagenzi alicheka hadi akamwaga mboga ya sombe. Mimi sikucheka. Vidole vya mtoto vilikuwa bado shingoni mwangu, juu ya ngozi. Niliviona kwa pembe ya jicho. Sikuvisikia.

Jumanne, 11 Juni

Ameondoka kabla ya chai. Nimemfuata na pikipiki ya Kabera. Mnyororo umekatika hapa mashamba yanapoisha. Kabera anaunga, mimi nimekaa juu ya jiwe, naandika. Nikiacha kuandika nitalia, na Kabera atasimulia kilabu yote.

Mama Umwali ametoka upande wa msitu na ndizi zake. Amempita Tuyishime kwenye kona ya mianzi, si mbali. Anasema mbele ya mtoto kulikuwa na wanaume watatu kando ya njia, wima, kimya, kama watu wa misa wanaongoja kuambiwa wakae. Tuyishime hakurudi nyuma. Aliinua mkono, vidole viwili, akawaendea.

Nikamwuliza walivaa nini.

Akaniona nimechanganyikiwa. "Majaketi, Papa Habineza. Na zipu mupaka ku kidevu."

Kabera amewasha. Ananiita. Nimemwambia naja.

Ananiita tena. Midomo yake inacheza, sauti inakuja sikio la kulia tu. Niko bado juu ya jiwe. Mguu wa kushoto hautaki kuinuka. Safari hii sijifanyi