Aliyetangulia Kufika Tabora

Tabora,
14 Februari, 1968

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Limbu,

Shikamoo, baba. Naamini ulifika Nzega salama na basi halikukutesa sana njiani. Mama naye namwamkia, shikamoo mama. Natumaini mguu umepungua kuuma na kwamba mvua mliyokuwa mkiilalamikia imeshuka vya kutosha kwa pamba na mpunga. Mimi ni mzima. Karanga mlizonipa nimezipokea na wenzangu wa karakana wamezila wakasifu mkono wa mama. Wabeja sana, asanteni.

Baba, ulipoondoka Tabora asubuhi ile baada ya sherehe za Azimio, uliniacha kituoni nikiwa kimya, ukadhani ni uchovu. Ulinishika bega ukasema mbio zimeninyonya nguvu na nikalale. Kweli nilikuwa nimechoka, lakini tangu siku hiyo nimekuwa na hasira ambayo hainiachi hata nikiwa kazini nashika patasi. Nimeona nikuandikie yote, kwa kuwa wewe ulikaa kwenye viti vya wazee pale mwisho wa mbio, ukaona watu wanavyofika. Yaliyotokea njiani hukuyaona.

Tulitoka Urambo kumepambazuka, waendesha baiskeli kutoka kila wilaya, tukishindania nafasi ya kuuwakilisha mkoa Dar es Salaam, tukashika barabara ileile ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji, ila sisi tukielekea huku mashariki. Hapo mwanzo ni msitu na mchanga, na mchanga ulituchuja upesi. Tulipopita Usoke tulikuwa tumebaki wawili mbele, mimi na Ghalibu. Unamfahamu, baba. Ni yule fundi baiskeli wa mtaa wa Ng'ambo hapa Tabora, mtoto wa Bi Zeyana, ambaye kibanda chake kinatazamana na mlango wa karakana yetu. Nimefanya naye mazoezi mwaka mzima. Jioni tukitoka kazini tulikuwa tunakwenda na kurudi kwenye barabara ya Itetemia mpaka giza linatukuta.

Baada ya Usoke kuna mbuga. Wewe ni mtu wa Nzega, huhitaji kuelezwa mbuga, lakini ile ni pana na imenyooka kama meza, na mtu aliye mbele yako unamwona mbali sana, mdogo kama inzi. Kiangazi ni mahali patamu pa kuendesha, ardhi ngumu, upepo tu ndio adui. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha milimani kwa siku mbili mfululizo na maji yalikuwa yamefunika barabara. Kamati ya mashindano ilijua, kwa sababu lori lao lilipita jana yake na kukwama, lakini hakuna aliyekuja kutuambia. Tulikuta maji matupu, matete huku na huku, na yangeyange wamesimama katikati ya njia kana kwamba ni shamba lao. Udongo ule mweusi ulijaa kwenye madigadi mpaka magurudumu yakagoma, ikabidi tushuke na kusukuma.

Ghalibu alinitangulia akafika upande wa pili penye ukavu. Mimi niliupoteza ukingo wa barabara. Kando yake kuna shimo walilochimba udongo wa kujengea tuta, na chini ya maji huwezi kuliona. Nikaanguka humo, baiskeli ikanilalia, mguu wangu wa kushoto ukanasa kati ya mnyororo na fremu. Maji yalinifika kidevuni, na kila nilipojivuta nilizidi kuzama kwenye tope. Nilipiga ukelele mmoja tu, wa pili ulijaa maji.

Baba, Ghalibu alikuwa amekwisha panda baiskeli yake. Tabora ilikuwa mbele yake na nyuma yake hapakuwa na mtu ila mimi ninayezama. Aliitupa baiskeli, akarudi kwa miguu katika maji yale, akaingia shimoni mpaka shingoni na yeye hajui kuogelea. Aliniinua kichwa kwanza, akaniegemeza kwenye bega lake, halafu akapapasa kwa mkono mmoja mpaka akautoa mguu wangu. Tulipofika pakavu nilitapika maji. Yeye hakunipa pole wala nini. Alichukua baiskeli yangu, akalibana gurudumu la mbele katikati ya magoti akalinyoosha, akachokoa tope kwa kijiti, kisha akaniambia, "Panda. Tukifika reli kila mtu na miguu yake."

Na ndivyo ilivyokuwa. Tulikwenda pamoja mpaka panapokatiza reli, tukatazamana, tukaachiana. Nilitumia nguvu zangu zote, sikumwachia hata kidogo, na yeye akanishinda kwa urefu wa baiskeli mbili. Ulimwona. Watu wote walimwona, wakambeba juujuu.

Halafu wazee wa kamati wakajitenga nyuma ya jukwaa, na waliporudi kipaza sauti kikasema kwamba Ghalibu amevunja taratibu za mashindano, na mshindi ni Anton Limbu wa Nzega. Nilivishwa shada. Nikadhani wamesikia kwamba aliniacha na kunirudia, kwamba labda ni kosa kumgusa mwenzako mbioni. Nilimtafuta kwa macho. Alikuwa amesimama na baiskeli yake yenye matope, anaisikiliza ile sauti kama mtu anayesikiliza habari za mtu mwingine.

Kesho yake, basi lako lilipoondoka, nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kamati, Mzee Jilala. Nilimweleza habari za shimo, nikamwambia kama kuna utaratibu uliovunjwa basi ulivunjwa kwa ajili ya roho yangu, na nipo tayari kuapa. Alinisikiliza vizuri, akanipa chai. Kisha akaniambia nisijisumbue, hakuna mtu aliyemshitaki Ghalibu kwa lolote la njiani. Alisema mzee mmoja mgeni aliyeheshimiwa alisimama mbele ya kamati akauliza: je, mtu wa kupeleka jina la mkoa wetu Dar es Salaam awe Mwarabu? Mzee huyo alisema babu zetu walibeba meno ya ndovu ya watu hawa kwa shingo zao katika barabara hiihii, na leo wajukuu wawabebee ushindi pia? Basi kamati ikaona haya kumpinga, na ikatafuta neno la kusema kwenye kipaza sauti.

Ghalibu kazaliwa Ng'ambo, baba. Baba yake kazaliwa hapahapa. Mama yake, Bi Zeyana, alizaliwa na mama Mnyamwezi wa Itetemia, na anakiongea Kinyamwezi vizuri kuliko mimi niliyekulia kwa mapadri. Kaka yake Humaidi amekuwa akimwambia tangu mwaka juzi kwamba wahamie Mombasa, na Ghalibu akimjibu kila mara kwamba hana kwao kwingine. Jana nimepita kibandani. Spana zake amezifunga kwenye gunia. Nilipomuuliza, alisema amechoka kubishana na Humaidi. Wanaondoka kwa treni ya mwisho wa mwezi huu, na mama yao, ambaye hajawahi kuiona bahari, alikuwa analia tangu asubuhi.

Sasa Paskazia, mdogo wangu, wewe unayemsomea baba barua hii, hapa usome taratibu na usiruke neno hata akikukaripia.

Baba, nilimuuliza Mzee Jilala mzee huyo ni nani. Alishangaa kwamba sijui. Alisema, "Ni baba yako. Tulidhani mmekubaliana."

Sijawahi kukuvunjia heshima maishani mwangu na leo sitaki kuanza. Habari za babu Masolwa, mpagazi wa misafara ile, nazijua, ulitusimulia jinsi bega lake lilivyopinda na jinsi alivyofia njiani bila ujira, na sijawahi kucheka jambo hilo. Lakini aliyemtesa babu si Ghalibu. Wewe ndiye uliyenifundisha ahadi za chama nikiwa bado sijui kusoma, na ya kwanza ilikuwa kwamba binadamu wote ni ndugu. Uliniambia niirudie mpaka niishike, nami nimeishika. Nakasirika kwa sababu uliifanya kazi hii nyuma ya jukwaa, kwa jina langu, kisha ukaja kunikumbatia.

Baiskeli ya zawadi nimeirudisha. Nimewaambia wanakamati wote, mbele ya watu waliokuja kwa shughuli zao, kwamba sikushinda na kwamba Dar es Salaam siendi. Walikasirika, wakasema nawaaibisha na nakuaibisha na wewe. Ushindi hawakumrudishia Ghalibu. Baiskeli imeegemezwa ukutani pale ofisini, haina mwenyewe.

Ghalibu sikumwambia ni nani aliyesema. Alipouliza, nilinyamaza, na kunyamaza huko kunaniuma kuliko yote. Usiponipa ruhusa nitaendelea kunyamaza, maana wewe ni baba yangu. Ila naomba uje kabla ya treni hiyo. Sikuombi useme mbele ya watu. Njoo umsalimu mtu aliyemtoa mwanao majini, umwambie kwa kinywa chako uliyoyasema, yeye ataamua mwenyewe kama atafungua gunia lake au la. Usipokuja, nitampeleka kituoni peke yangu, na sijui nitakuja Nzega lini.

Msalimieni shangazi Apolinaria na majirani wote wanaoniulizia. Mama asihangaike, nakula vizuri na mguu wangu unapona. Mungu awalinde.

Ni mimi mwanao anayekuheshimu,
Anton Limbu